Namba Juu ya Fomula

Kama hujawahi kuingia duka la mapazia mjini Morogoro wiki ya Idi, usiniambie umewahi kubanwa. Wanawake wa mji mzima huamka na wazo moja, kwamba mapazia ya mwaka jana ni aibu tupu, na wote huyataka mapya leo hii, kabla ya adhuhuri. Duka la Bi Shabnam, jirani na soko kuu, lilikuwa limefurika mpaka barazani. Majora ya vitambaa yalikuwa yametandazwa mezani, ya dhahabu, ya rangi ya maziwa, ya kijani cha majani ya mgomba. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Zain, mtoto pekee wa Bi Shabnam, mikono ya shati imekunjwa, futi shingoni, kikokotoo mkononi, jasho linamtiririka.

Alikuwa kijana mzuri, tusifichane. Mrefu, ndevu zimechongwa, na tabasamu lililoleta wateja kuliko kibao cha dukani. Lakini hesabu, Mungu amsaidie, hesabu zilikuwa zinamchenga.

"Dirisha lako futi sita, mama, au siyo? Basi chukua mita nne."

"Nne hazitoshi," ilisema sauti kutoka nyuma ya foleni.

Zain hakuinua kichwa. "Zinatosha, dada."

"Kwa marinda hayo uliyomwahidi? Hilo litakuwa shuka, si pazia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Zain akainua kichwa, na hapo ndipo mambo yake yalipoharibika. Aliyesimama pale alivaa gauni la kitenge cha zambarau, ushungi wa krimu umefungwa kwa nyuma, miwani imeteleza puani, begi la kompyuta begani. Huyo ndiye Maimuna binti Halidi wa Kihonda, mhitimu wa Mzumbe, na ule mdomo alizaliwa nao. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemtuma kitambaa.

"Haya, profesa," Zain alisema, "tufundishe."

Alidhani atanywea. Maimuna akapenya hadi mezani, akatoa tableti, akaiweka juu ya jora la dhahabu. Kwenye kioo palikuwa na dirisha lenye pazia. "Mama," alimgeukia yule mteja, "dirisha lako liko hivi?" Akashika ukingo wa dirisha kwa kidole, akauvuta. Dirisha likatanuka. Pazia nalo likatanuka, marinda yakaongezeka moja baada ya jingine, fimbo ikarefuka, na chini yake mita za kitambaa zikapanda zenyewe mpaka zikatulia. Akagusa rangi, pazia likawa la dhahabu.

"Uwiii!" mama mmoja alipiga ukelele. "Hiyo ni katuni?"

"Si katuni, mama. Ni hesabu iliyovaa nguo."

Zain alikuwa ameinama kiasi kwamba paji lake lilikaribia kugusa kioo. "Umeinunua wapi hii?"

"Nimeitengeneza."

"Wewe mwenyewe?"

"Hapana, paka wangu."

Wakacheka tena, na safari hii Zain akacheka kuliko wote. Akamkatia kitambaa chake kwa mkono wake mwenyewe, akamwongezea kipande ambacho hakikuombwa, akakikunja polepole mno kwa duka lenye foleni ile.

"Nipe namba, basi."

"Ya kitambaa au ya simu?"

"Ya kitambaa ninayo."

Maimuna alimwangalia kwa juu ya miwani, akaandika namba kwenye ukingo wa bahasha ya ringi za mapazia, akatoka bila kugeuka nyuma. Nakwambia mimi, alipofika nje alikuwa anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

*

Idi ilipopita, Maimuna alikuja kuiweka programu yake kwenye tableti ya duka. Majirani waliokaa mkao wa kula wakisubiri Bi Shabnam amkunjie uso msichana wa Kiluguru walibaki na njaa yao. Bi Shabnam alimwona Maimuna akirekebisha hesabu za jora zima kwa kuvuta kidole mara moja, akamwita "mwanangu" palepale na kumletea sambusa.

"Sasa nionyeshe," Zain alisema. "Unachoraje?"

"Sichori. Excel unaijua?"

"Ile ya vimistari? Naijua. Mama ananitesa nayo kila mwisho wa mwezi."

"Basi ni mambo yaleyale. Kila kitu hapa ni kisanduku. Upana wa dirisha ni kisanduku. Idadi ya marinda ni kisanduku, na ndani yake kuna fomula inayosema, mimi nafuata upana. Rangi, kivuli, urefu wa fimbo, vyote visanduku. Ukisogeza kimoja, kila kinachokifuata kinajipanga. Picha nayo ni fomula tu, ila badala ya kutoa namba inatoa pazia."

"Kwa hiyo hukuandika mahali popote kwamba 'haya pazia, tanuka'?"

"Sikuandika popote. Nilisema tu nani anamfuata nani."

Zain alikuna ndevu. "Na mimi humu namfuata nani?"

"Wewe mfuate mteja, kaingia."

Sheria ya Maimuna ilikuwa moja, na aliirudia mpaka Bi Shabnam akaijua. "Visanduku vyeupe andika utakavyo. Vya njano usiguse, vina fomula. Ukiandika namba juu ya fomula, fomula inakufa, na haipigi kelele ikifa. Picha itaendelea kupendeza vilevile, mpaka siku mtu atakaposogeza dirisha."

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Umeelewa au umeitikia?"

"Vyote, malkia wangu."

Simu nazo zikaanza. Maimuna akiwa Kihonda anaandika fomula zake, huku mama yake akipiga cherehani chumba cha pili, simu inalia.

"Umekula?"

"Zain, si umeniuliza sasa hivi tu?"

"Ile ilikuwa chai. Nauliza cha mchana."

"Cha mchana bado hakijaiva."

"Basi nitapiga kikiiva."

"Huna wateja wewe?"

"Ninao. Wanakusalimia."

Siku moja Maimuna alifika dukani akakuta kioo cha tableti chekundu chote. Zain alikuwa ameunda karatasi yake mpya ya kuchezea, akakiambia kisanduku cha kwanza kifuate cha pili, na cha pili kifuate cha kwanza.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimewaambia wapendane."

"Umewafunga mzunguko! Huyu anamngoja yule aseme, yule anamngoja huyu aseme. Hakuna wa kuanza. Wataganda hivyohivyo mpaka kesho."

"Kama sisi," Zain alisema.

Maimuna, yule wa mdomo, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka nusu ya mlima wa Uluguru, na harufu ya mvua iliingia dukani pamoja na ya kitambaa kipya.

"Basi anza wewe," alisema.

"Nakupenda, Maimuna." Alilisema akiwa na mkasi mkononi, pazia la mtu limekatwa nusu, mama yake yuko kaunta anajifanya haoni wala hasikii.

"Na mimi," Maimuna alisema. "Sasa malizia kukata, mwenye kitambaa anakuangalia."

*

Maimuna alikuwa na ndoto moja, na Zain aliijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa amekataa kazi ya ofisini Dar es Salaam ili programu ile itoke chumbani kwake Kihonda, iende mjini na jina lake juu. Si jina la duka wala la bwana yeyote. Alikuwa na hakika nayo, na hakika hiyo ndiyo iliyomfanya atembee vile anavyotembea. Kilichobaki kilikuwa mtu mkubwa wa kuiona.

Mtu huyo alipatikana. Bi Savita, mjane mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa anajenga hoteli iliyotazamana na mlima, na alitaka mapazia ya nyumba nzima. Bi Shabnam akamnong'oneza habari za Maimuna. "Mlete," Bi Savita alisema. "Ikinipendeza, wajenzi wenzangu wote wa Dodoma na Dar watamjua kwa jina."

Asubuhi ya siku yenyewe Zain alifungua duka peke yake. Akawasha tableti, akaitazama picha ya ukumbi mkubwa ambayo Maimuna alikuwa ameiandaa. Ilikuwa nzuri, ila marinda aliyaona machache. Bi Savita anapenda marinda mazito, kila mtu anajua. Zain akaangalia kile kisanduku cha njano. Akakumbuka sheria. Akajiambia ni mara moja tu. Akaandika ishirini na nne juu yake, na pazia likajaa, likapendeza, likawa la kifalme. Akajipongeza. Alikusudia kumwambia Maimuna, wallahi alikusudia. Kisha wateja wakaingia, akasahau. Wanaume bwana!

Ukumbi wa hoteli ulikuwa bado unanuka saruji. Bi Savita alivaa sari ya bluu na raba za mazoezi kwa sababu ya vumbi. Mafundi walisogea kutazama. Maimuna alikuwa amevaa gauni jeupe na hereni za mama yake, na alimkabidhi Bi Savita tableti ya duka.

"Hili hapa ndilo dirisha lako, mama. Livute mpaka lifike upana unaoutaka. Mengine yote yatajipanga yenyewe."

Bi Savita akaweka kidole, akavuta. Fimbo ikarefuka vizuri. Kitambaa kikagoma. Marinda ishirini na manne yakabaki yamerundikana katikati kama watu waliokimbilia mvua chini ya kibanda kimoja, na huku na huku dirisha likawa tupu. Akavuta tena. Likazidi kuwa uchi. Fundi mmoja akacheka, mwenzake akamfuata.

"Si mlisema linajipanga lenyewe?" Bi Savita aliuliza.

Zain alijua palepale. Alijua kabla kidole cha Bi Savita hakijainuka. Neno moja lilitosha, na alikuwa nalo mdomoni. Badala yake, kwa hofu na kwa aibu, akatoa jingine.

"Anti, programu bado changa. Maimuna bado anajifunza. Tutamsimamia."

Maimuna alimgeukia taratibu. Kisha akaichukua tableti, akagusa kisanduku cha njano. Fomula yake haikuwemo. Ilikuwemo ishirini na nne, namba kavu, imekaa kama mwenye nyumba.

"Nani kaandika hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Uso wa Zain ulijibu.

"Kumbe bado najifunza," Maimuna alisema. Akamrudishia Zain tableti, akamwinamia Bi Savita kwa adabu, akatoka.

Zain alimkimbilia mpaka kwenye rundo la kokoto nje. "Maimu! Maimu wangu, nisikilize. Nilitaka ipendeze tu."

"Lile la namba ningecheka, Zain. Ningekuchapa na futi yako, tungecheka mpaka jioni. Lakini umesimama mbele za watu ukanivisha kosa lako. Eti mtanisimamia! Wewe na nani?"

"Niliogopa."

"Na mimi je? Pale ndani, mambo yangu yote yalikuwa mikononi mwa yule mama. Uliona. Ukaniangalia, ukasema vile." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Usinipigie."

"Maimuna..."

"Nimesema usinipigie."

*

Maimuna alipanda Kinole, kwa ndugu wa mama yake, juu huko Uluguru ambako mtandao unapatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya shamba. Zain alipiga. Akapiga tena. Yule dada wa kampuni ya simu, mwenye sauti ya upole isiyojali, akamwambia kila mara kwamba mteja anayempigia hapatikani.

"Usinilie mimi," Bi Shabnam alimwambia mwanawe. "Umemtukana mtoto wa watu mbele za watu. Huko ndiko kwa kuanzia."

Basi Zain akaenda hotelini. Bi Savita alimpokea ukumbini, mafundi wakiwa juu ya ngazi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Umeleta pazia au umeleta maneno?"

"Maneno. Siku ile programu haikukosea, mimi ndiye niliyeiharibu. Niliandika namba juu ya fomula yake, kisha nikakudanganya kwamba yeye anajifunza. Anayejifunza ni mimi."

Bi Savita akawaonyesha mafundi kwa kidole. "Sema tena. Kwa sauti. Hawa waliocheka wasikie."

Akasema tena, masikio yakimwaka moto, na fundi mmoja akashuka ngazi asikie vizuri.

"Haya," alisema Bi Savita. "Mwambie aje mwenyewe. Wewe ubaki dukani."

Ungemwona Zain siku ile ungedhani amejifunza. Subiri. Alirudi nyumbani na moyo mwepesi kupita kiasi, akaamua kwamba sasa dawa ni ndoa. Akamshika mama yake, wakanunua halua, wakaenda Kihonda kwa mzee Halidi, baba yake Maimuna, fundi umeme mwenye kicheko kikubwa. Bi Shabnam akaeleza shida yao vizuri, kwa heshima zote.

"Nimekubali!" mzee Halidi alisema hata kabla ya chai. "Kijana mzuri, mama mzuri. Nimekubali kabisa. Mjomba wake anasemaje?"

Zain na mama yake wakatazamana.

"Mjomba yupi, mzee?" Zain aliuliza.

"Hamjaenda kwa mjomba?" Mzee Halidi akaweka kikombe chini. "Jamani! Mimi ni baba tu. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mimi naweza kuwapa chai, naweza kuwapa na soda. Lakini neno liko Kinole, kwa mjomba wake Mwinshehe. Na Mwinshehe lazima amuulize binti. Binti mmemuuliza?"

Cherehani ya mama yake Maimuna, iliyokuwa inanguruma chumba cha pili, ikasimama ili isikie.

"Hukumuuliza, Zain?" Bi Shabnam aligeuka na kiti chake chote. "Umenivalisha dhahabu zangu, umeninunulisha halua, na mwenyewe hukumuuliza?"

Zain alifunika uso kwa viganja. "Nimefanya tena," alisema. "Nimeandika tena juu ya kisanduku chake."

Mzee Halidi hakuelewa visanduku vimeingiaje, lakini aliona kijana ameumia kweli, akammiminia chai.

Tangu siku hiyo Zain hakuandika namba. Alikaa kaunta na ile tableti, akafungua karatasi tupu, akaanza kujifunza kutaja nani anamfuata nani. Pazia lake la kwanza liliruka juu ya dari. La pili lilining'inia kichwa chini, wateja wakacheka, naye akawaacha wacheke. Mama yake akawa anapima vitambaa yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, bila kulalamika. Karatasi ilipokamilika, Zain aliwasha kirikuu ya duka, pikapu ndogo ya kubebea vitambaa, akaelekea mlimani.

*

Matope yaliizuia kirikuu mahali fulani juu ya Mkuyuni. Akaiacha kwa mwenye genge, akapanda bodaboda, na palipokuwa na mwinuko mno akashuka akatembea. Alifika Kinole viatu vimegeuka rangi. Uani mwa nyumba ya bati palikuwa na jamvi la pilipili manga, na jamaa mmoja kijana, jezi ya mpira mwilini na mabuti ya mvua miguuni, alikuwa anaigeuza kwa mguu.

"Niaje kaka," Zain alisema. "Namtafuta mzee Mwinshehe."

"Ndiye mimi."

Mjomba mwenyewe alikuwa kitinda mimba wa bibi yake Maimuna, ndevu hazijamjaa. "Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Ungeanza na hiyo." Mwinshehe akamwangalia toka viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye wa ishirini na nne?"

"Ndiye mimi."

"Yuko kwenye jiwe kule nyuma, anatafuta mtandao. Twende wote. Sikuachii uende peke yako, nakuona una haraka."

Maimuna alikuwa ameketi juu ya jiwe kubwa, kanga mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani, miwani puani, kompyuta mapajani. Alipomwona Zain moyo ulimruka, na ninasema hivi kwa sababu yeye mwenyewe asingekuambia. Usoni hakuonyesha kitu.

"Nilisema usinipigie."

"Sijakupigia. Nimekuja kwa miguu."

"Viatu hivyo vimekoma."

"Vimekoma, Maimu." Akapiga goti pembeni ya jiwe, akaweka tableti karibu naye, asimguse. "Sikuja kukuambia neno. Angalia tu. Ukichoka nitashuka."

Kwenye kioo palikuwa na dirisha, na pazia la zambarau limefungwa, rangi ileile ya gauni alilovaa siku ya foleni. Marinda hayakuwa sawasawa. Pembeni palikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliandikwa "Ukweli kwa Bi Savita", na ndani yake neno moja, "Umesemwa". Cha pili kiliandikwa "Mjomba", kikiwa kitupu. Cha tatu kiliandikwa "Maimuna", nacho kitupu.

"Hivi viwili sijavigusa," Zain alisema. "Kila kilichobaki humu kinafuata hivi."

"Fomula umeandika wewe?"

"Ndiyo. Pazia la kwanza liliruka dari."

Mdomo wa Maimuna ulitikisika kidogo, akauzuia. Alivuta ukingo wa dirisha kwa kidole, akalitanua mpaka mwisho wa kioo. Pazia likatanuka nalo, marinda yakajipanga, hayakuacha hata upenyo. Akalibana mpaka likawa jembamba. Marinda yakapungua kwa adabu. Zain alikuwa anashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Kisha Maimuna, ambaye hakubali kitu bila kukijaribu, akaandika kwenye kisanduku chake: "Hapana".

Pazia likatulia palepale lilipo, limefungwa. Chini yake yakatokea maandishi madogo: "Sawa. Programu ni yako, kazi ya Bi Savita ni yako. Anakungoja wewe mwenyewe. Mimi nitashuka kwa adabu." Maimuna aliyasoma, akayasoma tena. Kile kisanduku cha kwanza hakikubadilika.

"Na hiki mbona hakikusogea?"

"Hicho hakifuati kitu. Nimekiandika kwa mkono, kwa kuwa kilishafanyika. Nilimwambia Bi Savita kosa ni langu, mbele ya mafundi wale waliocheka. Ukinikubali, kipo. Ukinikataa, kipo."

Maimuna alichukua simu yake, akasimama juu ya jiwe, akaipunga mpaka mtandao ukaja, akapiga.

"Shikamoo, Bi Savita. Ni Maimuna."

Sauti ya Bi Savita ilisikika mpaka kwenye pilipili manga. "Marahaba! Uko wapi wewe? Madirisha yangu yako uchi! Yule kijana alikuja, akasimama hapa akasema kosa lake mara mbili, masikio mekundu kama nyanya. Sitaki yeye, nataka wewe. Utakuja lini?"

"Nakuja, mama," Maimuna alisema. "Nakuja na programu yangu." Na alipokata simu akaketi chini, akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mwinshehe akakohoa. "Samahani, na mimi nina kisanduku hapo. Kitabaki kitupu?"

"Hicho ni chako, mjomba," Zain alisema. "Naweza kungoja."

Mwinshehe alikuna shingo. "Mimi kusema kweli namfuata yeye. Andikeni hivyo."

Maimuna akafuta machozi kwa kanga, akakiandikia kisanduku cha mjomba fomula yake. Halafu akarudi kwenye cha kwake. Akafuta "Hapana". Zain aliinamisha kichwa akiangalia matope kwenye viatu vyake, hakuthubutu kuchungulia.

"Inua uso, uone ninavyoandika."

Hakuandika neno. Alianza na alama ya usawa, alama ya fomula, kisha akapeleka kidole mpaka kwenye kile kisanduku cha ukweli, akakigusa.

"Jibu langu linafuata hiki. Maadamu hiki kimejaa, ni ndiyo," alisema.

Pazia la zambarau likafunguka polepole, huku na huku, na nyuma yake ukatokea mlima wa kijani alioutengeneza Zain, umelala upande kama ugali uliomwagika. Maimuna akaangua kicheko mpaka miwani ikadondoka.

"Mlima gani huu, jamani?"

"Ndiyo mara yangu ya kwanza!"

"Na siku ukikifuta kile kisanduku?"

"Najua. Litajifunga."

"Lenyewe. Bila kukupigia simu." Akamshika mkono, ule wenye alama ya mkasi kidoleni, akaubana. "Nilikukumbuka, mjinga wewe. Nilikukumbuka kila siku na nilikuwa na hasira kila siku."

"Nisamehe, Maimu."

"Nimeshasamehe. Soma hapo."

Mwinshehe alikuwa ameinama kati yao, anakodolea macho kioo. Kisanduku chake nacho kilikuwa kimebadilika. "Eh! Kumbe nimeshakubali!" alisema, akapiga makofi, akarudi kwenye pilipili yake akiimba.

Ndipo simu ya Zain ikalia. Alikuwa Bi Shabnam, na hakusalimia hata kidogo.

"Zain! Wamesemaje? Amekubali? Niambie haraka, presha inapanda!"

Zain akafungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Hilo mimi sijibu, mama," alisema. "Mwenyewe huyu hapa." Akampa Maimuna simu.